Kisa cha mashini ya chipsi iliyokosa moto jioni tu

Hali ilivyokuwa

Mteja ni mama mmoja upande wa Kisauni hapa Mombasa. Jina lake na mtaa nimeyaondoa, hapa nitamwita Mama Viazi manake ndiyo biashara yake: viazi karai, bhajia, na juzijuzi akaongeza chipsi. Anapikia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Karai lake la mkaa halijawahi kumsumbua, shida ilianza aliponunua mashini ya chipsi ya stima, ile ya lita sita, lebo yake nyuma imeandikwa 240 V, 3000 W.

Stima ya bandani inatoka meinswichi ya nyumba kwa breka ya ampia 32, inapita darini kwa waya wa 1.5 (unene wa milimita mraba 1.5) kama mita 25 hivi mpaka soketi ya veranda ya nyuma, halafu hapo kuna ekstensheni ya mita 10 ndiyo inaingia bandani. Ekstensheni yenyewe ni ile nyeupe nyembamba ya waya wa 0.75 watu wanachajia simu. Laini yote hii iliwekwa zamani kwa ajili ya taa ya veranda na redio, hakuna aliyewaza mashini ya wati elfu tatu.

Malalamiko yake aliniambia hivi kwenye simu: "Fundi, hizi chipsi zanywa mafuta mwanangu, zatoka laini kama viazi vya kuchemsha, na asubuhi nikizijaribu zatoka sawa." Ilikuwa Ramadhani, na jioni kabla ya maghrib ndiyo saa yake ya kuuza. Fundi aliyenitangulia alishambadilishia elementi, kile chuma kinachopasha mafuta, na hali ikabaki vilevile. Hapo kwenye "asubuhi zatoka sawa" ningesimama niwaze kidogo, lakini sikusimama.

Ziara ya kwanza, nilipokosea

Nilienda saa nne asubuhi. Nikachomeka testa kwenye ekstensheni, volti 238, nikasema moyoni stima iko poa. Nikachomoa mashini nikapima ukinzani wa elementi ikiwa baridi, yaani inavyozuia mkondo, ohm 19.3. Hesabu ya hapo ni rahisi, wati ni volti mara volti gawanya kwa ohm, 240 mara 240 ni 57,600, gawanya 19.3 unapata kama wati 2,980, yaani elementi ni nzima na inalingana na lebo. Nikazima breka nikapima mwendelezo wa waya kwa ile alama ya kengele, ikalia pii kote, laivu na nyutro.

Stima iko, elementi nzima, waya unalia pii, basi nikabakisha thamostati tu, ile swichi inayoongoza joto. Nikaibadilisha. Mama akalipa, na siku tatu baadaye akapiga tena, sauti ya chini kabisa ya mtu anayejizuia asitukane kwa sababu ya funga.

Ziara ya pili

Safari hii nikaenda saa kumi na moja na nusu jioni, mashini ikiwa inafanya kazi na mafuta yanatokota. Nilikuwa nimeazima klampu mita kwa rafiki, kipimo cha ampia kinachobana waya kwa nje. Wale wapya wa hii kitu, ukiizungusha kwenye ekstensheni nzima itakusomea sifuri, kwa sababu laivu inaenda na nyutro inarudi na mikondo miwili inauana. Lazima ukamate waya mmoja peke yake. Mimi natembea na kipande kifupi chenye plagi upande mmoja na soketi upande wa pili, katikati nimechana ganda la nje nyaya zimeachana, klampu inakaa kwenye laivu bila kugusa shaba.

Nikapata hivi, mashini ikiwaka: kwenye meinswichi volti 224, kwenye plagi ya mashini volti 205, mkondo ampia 10.7.

Nikazirudia mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Siku ya kwanza asubuhi ekstensheni hiyo hiyo ilinipa 238! Nikamwambia kijana wake azime mashini kidogo, na hapo hapo volti za bandani zikaruka kutoka 205 hadi 226. Awashe, zikashuka 205. Hapo ndipo nikajua nilichokosa siku ya kwanza.

Hesabu zilisema nini

Kwanza mashini yenyewe. Ohm ni volti gawanya kwa ampia, kwa hivyo 205 gawanya 10.7 ni ohm 19.2. Elementi haina hatia kabisa, na ile ya kwanza aliyobadilishiwa nahisi pia haikuwa na hatia.

Nguvu sasa. 205 mara 10.7 ni wati 2,190 hivi. Lebo inasema 3,000. Zaidi ya robo ya moto imepotea, na hii ndiyo sehemu inawachanganya wengi, manake 205 kwa 240 ni pungufu ya asilimia 15 tu, mtu anategemea moto nao upungue asilimia 15. Haiendi hivyo. Volti zikipungua kwenye elementi ile ile na ampia nazo zinapungua, kwa hivyo unapigwa mara mbili. 205 gawanya 240 ni 0.854, zidisha yenyewe kwa yenyewe ni 0.73, na 0.73 ya 3,000 ni hiyo 2,190. Kiazi kina maji mengi, ukikimwaga baridi mafuta yanapoa ghafla, na mashini isipoweza kurudisha moto haraka ganda la nje halikazi, mafuta yanaingia ndani. Mama alikuwa sahihi neno kwa neno, chipsi zilikuwa zinakunywa mafuta.

Sasa njia. Kutoka meinswichi mpaka plagi zimepotea volti 19. Mkondo ni ule ule 10.7 njia nzima, hivyo ohm za njia ni 19 gawanya 10.7, karibu 1.78. Na wati zilizopotelea njiani ni 19 mara 10.7, yaani 203. Wati mia mbili na kitu zinapasha waya na dari.

Swali likawa: waya wa namna hii ulitakiwa kuwa na ohm ngapi? Shaba ina ukinzani wa ohm 0.0172 kwa mita moja ikiwa na unene wa milimita mraba moja, unazidisha kwa urefu, unagawanya kwa unene, na usisahau mkondo unaenda na kurudi kwa hivyo mita 25 ni 50. Waya wa darini: 50 mara 0.0172 gawanya 1.5, ohm 0.57. Ekstensheni: 20 mara 0.0172 gawanya 0.75, ohm 0.46. Jumla 1.03. Lakini mimi nimepima 1.78. Kuna ohm 0.75 hivi ambazo hazina kwao, waya ukiwa moto ukinzani unapanda kidogo lakini hauwezi kupanda hivyo.

Kuna kitu katikati kinakula stima.

Boksi chini ya paa

Nikaufuata waya kwa macho mpaka nje, ukutani chini ya mabati, pale unapotoka dari ya mbele kuingia ya nyuma. Kulikuwa na boksi la plastiki la kuungia, jeupe zamani, sasa rangi ya chai. Nikapandisha mkono karibu yake bila kugusa, joto lake nikalisikia kwenye kiganja. Mama akasema kila jioni husikia harufu ya plastiki na alidhani ni jirani anachoma taka.

Nikazima breka, nikafungua. Ndani mjusi kafiri mkavu kama karatasi, na nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono zikavingirishwa tepu, tepu imeyeyuka ikatoa gundi nyeusi. Shaba yenyewe ilikuwa na ile kutu ya kijani, unajua upepo wetu wa pwani na chumvi yake, kitu cha shaba ukikiacha wazi hakichukui muda. Nikatenga nafasi, nikasogeza watoto mbali, nikawasha tena kwa dakika moja na nikapima kwa ncha za testa upande huu na upande huu wa kila jointi mashini ikifanya kazi. Laivu volti 4.6. Nyutro volti 2.7.

Jointi nzuri ikipimwa namna hii inakupa karibu na sifuri. Hizi mbili pamoja ni volti 7.3, gawanya 10.7 ni ohm 0.68, ndio wale wageni wasio na kwao. Kwa wati, ya laivu ilikuwa 4.6 mara 10.7 ni 49, ya nyutro 29, jumla wati 78. Chukua balbu ya zamani ya wati 75, iwashe, ifungie ndani ya boksi la plastiki chini ya dari ya mbao kila jioni kwa masaa manne. Ndivyo walivyokuwa wanaishi.

Maamuzi, na kwa nini

Ilikuwa imebaki chini ya saa moja kuadhini. Nilitaka kuzima laini yote nije kesho na waya mpya, Mama akaniangalia: "Fundi, hawa watu wangu wa futari niwaambieje?" Nikafikiria nini naweza kufanya salama kwa dakika ishirini. Nikakata jointi zote mbili, nikarudi nyuma mpaka shaba inayong'aa, nikafunga konekta za skrubu, boksi jipya. Ekstensheni nikaitoa kabisa, mashini ikahamia veranda ichomekwe soketi moja kwa moja. Plagi ya ile ekstensheni nilipoifungua, fyuzi yake ilikuwa imezungushwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa hiyo hata fyuzi haikuwepo.

Nikapima: volti 217 kwenye mashini, ampia 11.3. Hiyo ni wati 2,450. Wati 260 zimerudi bila kununua chochote isipokuwa boksi na konekta mbili.

Waya wa kudumu tuliuweka Jumamosi. Nilimpa chaguo mbili za njia mpya ya mita 28 kutoka meinswichi hadi ndani ya banda, waya wa 2.5 au wa 4. Hesabu kwa volti 224: wa 2.5 una ohm 0.385 kwenda na kurudi na mashini ingepata kama wati 2,510, wa 4 una ohm 0.24 na ingepata 2,550. Tofauti ya wati 40 tu, na bei ya waya wa 4 mnaijua. Tukachukua 2.5. Breka nikaishusha kutoka 32 hadi 20, manake breka kazi yake kubwa ni kulinda waya, na ule wa 1.5 wa zamani chini ya breka ya 32 ulikuwa hauna mlinzi kabisa, ungeungua kabla breka haijajua.

Matokeo

Jioni ya Jumapili nikapima mara ya mwisho: meinswichi 225, kwenye mashini 220, ampia 11.5. Wati 2,530. Njia sasa ina ohm 0.43 badala ya 1.78. Chipsi zinakauka, mwenyewe nilikula sahani na sikulipa.

Wati 3,000 hazijafika na hazitafika jioni, kwa sababu kwenye mita yenyewe stima inafika 225 mtaa mzima ukiwa umewasha friji, pasi na feni. Hilo haliko kwenye waya wa Mama, nilimweleza na nikamwandikia vipimo avipeleke kwa watu wa stima akitaka.

Kuhusu tokeni za stima, Mama alitegemea matumizi yashuke, na hapa nililazimika kumwambia ukweli asioupenda. Zamani mashini na njia yake zilikuwa zinavuta 224 mara 10.7, karibu wati 2,400. Sasa zinavuta 225 mara 11.5, karibu 2,590. Mita inakimbia zaidi kwa saa. Tofauti ni kwamba zamani wati 203 katika hizo zilikuwa zinakwenda kwa waya, sasa ni kama 58, na kilo moja ya viazi inaiva haraka zaidi. Yeye anasema tokeni zake ni zile zile ila anauza zaidi kabla ya adhana.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kosa langu la siku ya kwanza ndilo nataka mafundi wadogo walikumbuke. Nilipima volti bila mzigo. Volti zinazopotea njiani ni ampia mara ohm, na mashini ikiwa imezimwa ampia ni sifuri, sifuri mara ohm yoyote ni sifuri. Ungeweka jointi mbovu mara kumi ya ile, testa ingesoma 238 tu. Ile kengele nayo ni mtego, testa nyingi za bei rahisi zinalia pii hata ukiwa na ohm makumi, inakwambia njia ipo, haikwambii njia ni nzuri. Na hata kama ningetumia alama ya ohm, nyaya za testa yangu zenyewe zikigusanishwa zinasoma 0.4, kutafuta 0.68 hapo ni kutafuta sindano kwa glavu. Njia ambayo haidanganyi ni kuwasha mzigo mkubwa, kupima volti mwanzo wa laini na mwisho wa laini, kisha kutoa.

Pili, saa ya kupima. Nilienda asubuhi wakati tatizo ni la jioni, na mama alishaniambia. Sehemu ya upungufu ilikuwa ya mtaa (238 ikawa 226 hata mashini ikiwa imezimwa) na sehemu ilikuwa ya jointi, na mbili hizi zinashika pamoja jioni tu. Asubuhi, kwa volti 238, mashini hata na jointi ile ile ingepata kama 2,470, ndio maana chipsi za asubuhi zilimdanganya yeye na mimi pia.

Kitu ambacho Mama aliniuliza na nadhani kila mteja huwaza: "Kama waya ni mbovu hivyo mbona breka haikushuka?" Swali zuri kuliko la mafundi wengi. Jointi mbovu ni ukinzani ulioongezwa, na ukiongeza ukinzani mkondo unapungua. Mashini inayotakiwa kuvuta ampia 12.5 ilikuwa inavuta 10.7. Breka inaangalia ampia peke yake, ikaona chini ya kawaida, ikalala usingizi mnono huku boksi linageuka rangi ya chai. Moto wa jointi unategemea ampia mara ampia mara ohm, na ohm zikikaa mahali padogo kama kucha, joto lote linakaa hapo hapo.

Ile kazi ya dakika ishirini ilileta zaidi ya robo tatu ya faida ya moto, wati 260 kati ya 340. Waya mpya uliongeza 80 tu. Ningemuuzia waya kwa kumwambia "chipsi zitakauka zaidi" ningekuwa namdanganya. Waya ulibadilishwa kwa sababu ya breka na ili mashini irudi bandani bila ekstensheni, na hivyo ndivyo nilivyomwambia kabla hajatoa pesa.

Nilichoshindwa ni kumuuliza ana mpango gani. Wiki mbili baada ya Idi akanipigia, "Fundi, swichi yashuka." Kumbe amenunua jagi la stima la wati 2,000 na amehamishia friji bandani. Kwa volti 220 jagi linavuta kama ampia 7.6, jumlisha 11.5 ya mashini ni 19.1, breka ya 20 inavumilia, halafu friji ikiamka inavuta mkupuo wa kuanzia na breka inaanguka. Ningechukua waya wa 4 na breka ya 25 tusingekuwa hapo, na ningeuliza swali moja tu Jumamosi ile. Sasa hivi amejipangia mwenyewe, maji yanachemka kwanza yanaingia chupani, ndio mashini iwashwe, na waya wa 4 tumekubaliana mwisho wa mwezi.